Kiforro cha Kumposea Ludmira

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata! Jumapili nakwenda kwa Mama Eugrácia kumposa bintiye, Ludmira. Adérito wa bandarini naye anamtaka, na Kireno chake kimenyooka kama kola mpya. Mimi ni fundi cherehani tu, mtoto wa vibarua wa kakao kutoka visiwa vya Kaboverde. Lakini nitamshinda kwa Kiforro, lugha ya wenyeji wa kisiwa hiki! Mama ni Mforro wa damu, na sokoni na mashoga zake hasemi kingine. Mzee Silvério mgema kakubali kunifundisha.

Jumatano, 5 Juni
Mwalimu yuko juu ya mchikichi, mimi chini napaza sauti. Shingo imekakamaa. Wapita njia wananiitikia salamu. Ludmira kapita, kauliza mbona siku hizi siimbi nikishona. Nimemwambia nina shughuli.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwisha. Nilivua kofia, nikamwamkia Mama kwa Kiforro, kirefu, bila kukwama. Upawa ukabaki ndani ya sufuria ya kalulu, ule mchuzi wa samaki na mboga. Akanijibu kwa Kireno kikavu.

“Kijana, mimi na wewe tumecheza pamoja? Wanangu wa kuzaa hawathubutu kunisemesha hivyo.”

Lo! Nani asiyejua kwamba mkubwa huongeleshwa kwa Kireno, Kiforro ni cha rika lako? Mimi nilijua! Nilijua tangu utotoni! Tena Silvério alinifunza maamkizi anayowapa walevi wenzake. Adérito, naye kaja kuposa siku hiyo hiyo, kasema tu “shikamoo, mama” kwa Kireno, akala, akashukuru. Ameongezewa samaki.

Jumanne, 11 Juni
Wamemkubali Adérito. Ludmira kaja kuchukua gauni lake, macho mekundu. Nilianza kumweleza habari za Kiforro, akanikatiza.

“Mimi nilikuwa napita dirishani kwako makusudi, nikusikie ukiimba kwa lugha ya mama yako. Mbona hukuwahi kunisemesha kwa hiyo?”

Kaondoka. Nimelia juu ya kitambaa cha mteja mpaka kikaingia madoa.

Alhamisi, 13 Juni
Sikulala, lakini kosa langu nimeliona: nilichagua lugha siyo. Kule kusini kwa Waangolar kuna mvuvi ana binti, Zulmira, na huyo baba inasemekana ni mkali kweli kweli. Nitamwamkia kwa Kiangolar chake mwenyewe, ashangae! Silvério anasema anakijua kidogo.

Jirani kachungulia, kauliza mbona siimbi. Sina nafasi ya nyimbo mimi.