Naomba Nirudishiwe Chenga Zangu

Ndugu Mkurugenzi,

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, ifahamike kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza katika mtaa wetu kumiliki kamera ya video. Nalisema hili mapema ili ujue unashughulika na mtaalamu, si mtu wa kubahatisha.

Ni kweli kwamba kamera yenyewe ilikuwa ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi nilikuwa nabeba betri. Lakini zama zile betri ilikuwa na uzito wa mtoto aliyeshiba, na kamera isiyo na betri ni kopo tu, kwa hiyo heshima yangu naomba ibaki palepale.

Nakuita Mkurugenzi kwa kuwa ndivyo kibao cha mlangoni kwako kinavyosema, ingawa najua Mkurugenzi huyo ndiye anayefagia, ndiye anayepiga picha za pasipoti, na ndiye anayekimbia kwa fundi cherehani wa jirani kutafuta chenji. Nje ya ofisi wewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na nimekubeba mgongoni ukiwa na mafua. Shati lile halikutakata tena. Lakini barua hii ni ya kiofisi; ya shati tutayazungumza kifamilia.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ukikuta herufi imelala, iinue mwenyewe uendelee na safari.

Kisa unakijua, ila nakieleza kwa faida ya wakubwa nitakaowapelekea nakala ya barua hii. Mke wangu, ambaye wewe humwita shangazi, alikuletea sanduku la kanda za video za nyumbani uzihamishie kwenye diski. Nami nikakuazima deki yangu ya kuchezea kanda, kwa kuwa ya kwako ilishakata roho. Nilidhani kuhamisha kanda ni kama kuhamisha mchele kutoka gunia kwenda ndoo: kinaingia kilekile, na kidogo kinamwagika njiani. Kumbe hakikumwagika hata punje. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

1. Nalalamika kuhusu kile kikasha chako. Ni kidude kama kiberiti, upande mmoja kimechomekwa kwenye kompyuta, upande wa pili kina mikia mitatu, nyekundu, nyeupe na njano, iliyoingia kwenye deki yangu. Nilipokuuliza kazi itachukua muda gani, ulinijibu bila aibu: "Mjomba, kanda ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu. Haina njia ya mkato." Sasa hiyo ni teknolojia au ni adhabu? Mtu akiniambia amenunua mashine, nategemea mashine iwe na haraka kuliko mimi. Matokeo yake mke wangu alikuja na ufumaji wake, akakaa kwenye lile benchi lako la wateja wa pasipoti, akatazama kila kanda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka yote tuliyokaa na kanda zile, hakuna aliyewahi kuzitazama mpaka mwisho. Hilo lilikuwa ndilo jambo zuri kuhusu kanda zile.

2. Nalalamika kuhusu usafi uliopita kiasi. Katika kanda ya sherehe ya mtoto wetu wa mwisho kutimiza mwaka mmoja, kuna mahali nasimama na kikombe mkononi nitoe neno. Zamani ilikuwa hivi: nasimama, nafungua mdomo, chenga zinaanguka kama mvua, sauti inakwaruza, halafu watu wote wanaonekana wanacheka. Deki ilipatafuna mahali pale wenyewe tukiwa usingizini, na mimi siku zote nimeiheshimu kama mashine yenye hekima. Kila mke wangu alipouliza, "Hivi baba watoto, siku ile uliniahidi nini mbele ya watu?" nilimjibu kwa moyo safi kwamba nilimwahidi mwavuli. Na mwavuli nilimnunulia. Tukaishi kwa amani.

Wewe ukafanya nini? Ukaufungua mkanda, ukaufuta ukungu kwa pamba na spiriti, ukanyoosha mikunjo kwa vidole kama mtu anayekunjua noti, ukaupitisha tena na tena mpaka chenga zikaisha. Nani alikutuma? Chenga zile zilikuwa zangu. Sasa naonekana wazi, hata kifungo kilichokosekana kwenye shati kinaonekana, na nasikika nikisema kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri: "Jamani shahidi ni ninyi! Siku huyu wa mwisho atakapotoka nyumba hii kwa miguu yake, mama yake namfungulia mlango, aende kwa dada yake, akae mpaka atosheke!" Watu wanacheka, kwa kuwa mtoto mwenyewe siku hiyo alikuwa hajui hata kusimama. Baada ya hapo mke wangu anajibu neno fulani, ambalo halihusiani na barua hii.

Mtoto yule ametoka nyumbani mwezi uliopita. Kwa miguu yake. Amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli, amepanga chumba, na ameondoka na godoro.

3. Nalalamika kuhusu sura, zile ulizoigawia diski kama kitabu. Nani alikuambia maisha ya mtu yana sura? Kanda ilikuwa na mwanzo na mwisho kama mto, na ukitaka kitu cha katikati unarudisha nyuma, deki inaguna, unapitiliza, unapeleka mbele, chai inapoa, watu wanakata tamaa na kwenda kulala. Huo ndio ulinzi wa familia. Wewe umeweka ukurasa wenye vipicha vidogo vidogo, na kipicha cha saba ni mimi na kikombe, mdomo wazi kama kiboko. Sasa mke wangu anabonyeza rimoti mara moja tu, huyo nimesimama, naahidi. Amemwonyesha muuza maziwa. Amemwonyesha mama wa duka la dawa. Msoma mita wa maji ameiona mara mbili, ya pili akaomba mwenyewe, kisha akanigeukia na daftari lake kwapani akaniambia, "Mzee, ahadi ni deni." Mtu aliyekuja kusoma mita!

4. Ulitoa nakala kwa kila mtoto. Tangu hapo simu haitulii. Binti mkubwa anasema, "Baba, mwache mama aende, mbona unajikunja?" Wa kati anacheka tu, anakata, anapiga tena acheke. Wa mwisho, mwenye makosa yote haya kwa kuondoka, ananiuliza nani atanilisha, kana kwamba mimi ni kuku.

5. Sasa nije kwenye hoja ya kisheria, na hapa naomba ukae chini. Kijana yule wa sura ya saba si mimi. Nimemtazama kwa makini. Ana nywele. Ana meno yote. Mkanda wa suruali umefungwa tundu la pili, na mimi tundu hilo sijaliona kwa miaka. Kama nikienda benki na picha yake, benki watanifukuza. Iweje basi benki wakatae kwamba yule ni mimi, halafu mke wangu akubali? Aliyeahidi atafutwe, aletwe, amsindikize yeye. Mimi nitawafungulia mlango wote wawili.

6. (Hili lilipaswa kuwa la kwanza, ila nilikuwa sijapata ujasiri.) Sanduku la safari la mke wangu limeteremshwa kutoka juu ya kabati. Limeanikwa juani siku nzima, limepigwa kofi kutoa vumbi, na sasa limesimama kando ya mlango wa chumbani kama mgeni asiyetaka kuketi. Mke wangu ameanza kunifundisha. Amenionyesha jiko la gesi linavyowashwa, akaniambia nigeuze kwanza au niwashe kwanza, sikumbuki kipi, na nyusi zangu pia hazikukumbuka. Amenionyesha chumvi ilipo. Kumbe miaka yote hii ilikuwa palepale.

Siwezi kusema ana makosa. Dada yake macho yanafifia, na mke wangu anataka afike dada yake angali anamwona, isije ikawa amefika na kubaki kuwa sauti tu. Hawajalala nyumba moja tangu nilipokwenda kumwoa na viatu vya kuazima. Hili nalielewa hata bila darasa la tano. Kinachoniua ni neno "mpaka atosheke". Ningesema "wiki moja", barua hii isingekuwepo. Wewe unawajua wale wawili: wakianza kisa cha kuku aliyepotea utotoni mwao, kuku yule anataga, anaangua, na vifaranga vinaoa kabla hawajamaliza. Watatosheka lini? Na mimi nitakuwa nimekaa hapa na chumvi.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mkurugenzi, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu wote. Kwanza, kama mikia ile mitatu inaweza kuingiza, basi inaweza kutoa: igeuze, ukivute kile ulichoingiza, ukirudishe kwenye kanda pamoja na chenga zake zote, bila kupungua hata moja. Ukishindwa, kwenye sura ya saba weka kitu kingine. Picha ya ng'ombe itatosha. Ukishindwa na hilo, zunguka kwa watoto wangu ukusanye nakala, uwaambie zina sumu. Na ukikataa kabisa, nitawaandikia wakubwa wapitishe sheria kwamba maneno yote ya sherehe yafutwe kabla mtoto hajaota jino la kwanza, na kwamba kila kikasha cha kuhamishia kanda kisajiliwe, kifungwe mnyororo, na mwenye nacho asindikizwe na askari kila anapokichomeka. Hutapenda. Una mkono mwepesi wa kazi, na askari hawapendi kusubiri saa tatu.

Nisalimie dada yangu, mama yako, mwambie goti langu linamsalimia pia. Msalimie fundi cherehani na mtoto wake wa mgongoni. Msalimie mama wa duka la dawa, na umwambie nilimwona akicheka. Deki yangu ipe salamu za pekee. Mwambie simlaumu, alifanya alichoweza.

Nabaki, kwa masikitiko na heshima ya kiofisi,

Mjomba wako,
Mbeba Betri (mstaafu)

Tanbihi. Barua hii ilikaa mfukoni kwa kuwa kila nilipotaka kuileta nilitumwa kitu dukani. Juzi ameondoka. Sanduku nililibeba mwenyewe hadi kituo cha basi, maana kubeba vitu vizito karibu na mambo ya maana ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Alipokwisha kukaa dirishani nilisimama pale chini nikasema, abiria wote wakisikia, ili asije akadhani ni diski iliyonilazimisha: "Kaa mpaka utosheke." Safari hii hapakuwa na chenga. Kondakta alipiga makofi.

Kwa hiyo usigeuze kitu. Ng'ombe pia usimweke. Lile jibu lake, nililosema halihusiani, ni hili: watu wakiwa bado wanacheka, anajifuta mikono kwa kanga, anasema, "Haya, mmesikia. Lakini huyu nikimwacha siku tatu tu, atanifuata na soksi za rangi mbili." Leo ni siku ya pili. Nimetazama miguu yangu. Mmoja ni wa bluu.

Sasa jambo lenyewe. Rimoti ameondoka nayo kwenye mkoba, sijui kwa kusahau au kwa makusudi, nami simpigii kumuuliza nisije nikasikika vibaya. Bila rimoti, sura ya saba haifunguki. Diski inaanzia mwanzo, pale shemeji anaporekodi kiatu chake, halafu keki, halafu mzee mmoja mwenye hotuba isiyoisha. Naisubiri ifike yenyewe kwa mwendo wake. Nasinzia kwenye hotuba. Nikishtuka, ameshajibu, watu wameshacheka, kiatu kimerudi.

Sikudai deki, kaa nayo. Ila kwa kuwa nilikuazima bila kuuliza utairudisha lini, nina haki ya kufadhiliwa kidogo: njoo jioni na rimoti yako. Nitakupikia chai. Chumvi najua ilipo. Sukari bado naitafuta.