Hoteli Yenye Bwawa la Maji Moto

Jumatatu, 13 Januari. Duluth, Minnesota.

Bomba limepasuka kwa baridi. Dari imelala juu ya sofa. Sakafu ya jikoni ni barafu. Nimeteleza kutoka mlangoni hadi kwenye jiko bila kupenda. Lakini nina bima! Nimeusoma mkataba mara mbili nikiwa na glavu mkononi. Nyumba isipokalika, kampuni hulipia makazi mengine, kile kinachozidi matumizi yangu ya kawaida, mpaka mafundi wamalize. Na kando ya ziwa kuna hoteli yenye bwawa la maji moto. Moyo unanienda mbio! Kwa sasa niko kwa Mjomba Orrin, chumba cha chini kisicho na dirisha, kitanda kimebanana na jokofu lake la samaki.

Jumanne, 14 Januari.

Mpango: nisiombe. Anayeomba huonekana mroho, nami ni karani wa mahakama. Nitasubiri nipewe. Nitakataa mara ya kwanza, nitakataa ya pili, ya tatu nitakubali huku nikiona haya. Ndivyo tunavyofanya watu wa hapa wenye adabu.

Bi Dolores wa bima akapiga simu kutoka Texas. Sauti changamfu. Akauliza kama nahitaji hoteli. Nikasema hapana, hapana, asijisumbue.

"Haya mwanangu, Mungu akubariki!"

Akakata simu! Ameuliza mara moja tu!

Alhamisi, 16 Januari.

Jokofu linanguruma. Mjomba hushuka kuchukua samaki, ananiruka kama gogo. Mpango wa pili: kudokeza. Nimempigia Bi Dolores nikamwambia hapa kwa mjomba si pabaya sana. Mtu wa kwetu angesikia hivyo angeniitia gari la wagonjwa. Yeye akafurahi! Akasema ataandika kwamba nimeridhika. Nikamshukuru. Kwa nini nilimshukuru?

Jumamosi, 18 Januari.

Mpango wa tatu: aje ajionee. Bi Dolores amefika mjini kukagua nyumba zilizopasuka mabomba. Nikamwomba apitie kwa mjomba. Kabla hajafika nikakisogeza kitanda karibu zaidi na samaki.

Mjomba akamkaribisha keki. Akakubali papo hapo! Mjomba akabaki na kisahani mkononi, kinywa wazi. Nikaona aibu kwa niaba ya Texas nzima.

Kisha Bi Dolores akanigeukia. "Kijana, nyumba yako haikaliki hata na pengwini. Unataka hoteli au hutaki? Sema tu!"

Nikasema wapo wenye shida kunizidi. Mjomba akanikanyaga mguu. Nikamsikia akimnong'oneza Bi Dolores jikoni: "Mama, huyu hata akizama, kamba hapokei mpaka umtupie mara tatu. Muulize mara tatu."

Bi Dolores akacheka. Akasema kwao ukimuuliza mtu mara tatu atadhani unamshtaki. Lakini akaahidi kujaribu.

Sijatulia tangu hapo. Nimepanda na kushuka ngazi mpaka mjomba amenifokea.

Jumanne, 21 Januari.

Amepiga! Akauliza kama nataka hoteli. Nikakataa vizuri. Akauliza tena, polepole, kama anayefundisha mtoto. Nikakataa kwa upole zaidi. Akavuta pumzi, akauliza mara ya tatu. Chumba kipo, alisema, kinatazama ziwa, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kukishikilia.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nikubali. Ghafla nikaingiwa na hofu. Kahawa ni mara tatu. Keki ni mara tatu. Lakini hoteli, mpaka mafundi wamalize, pamoja na bwawa? Kwa kitu kikubwa hivyo, kukubali mara ya tatu ni ulafi! Bi Dolores angenionaje?

Nikasema hapana, kwa kweli, asijisumbue.

Akasema, "Haya, mwanangu," akakata.

Mjomba ameuliza kutoka juu kama nimekubali. Nimemjibu mambo yanakwenda vizuri sana. Nimeketi juu ya jokofu, simu mapajani, nikisubiri mara ya nne. Begi nimeshafunga. Kaptula ya kuogelea iko juu kabisa.