Vibiriti Viwili Kwenye Mteremko

Jumatatu, 6 Machi

Ukaguzi wa magari ni Ijumaa. Ijumaa hii hii! Bi Mkubwa hana habari.

Bi Mkubwa ni gari langu la kubebea mikate. Magari ya aina hii watu huyaita Vibiriti, kwa umbo: mraba mbele, mraba nyuma. Kiwanda kiliacha kuyatengeneza zamani, lakini bado yamejaa barabarani. Kwa nini hayafi? Swali zuri. Nitalichunguza. Jina la Bi Mkubwa alilitoa mke wangu. Anasema nimeoa wake wawili, na yeye ndiye mdogo.

Mwaka jana Bi Mkubwa alianguka ukaguzi. Breki ya mkono! Na waya wa breki ulikuwa mpya kabisa, niliufunga mwenyewe siku chache kabla. Nikauzungushia hata kipande cha kitambaa cha kijani, kilichobaki kwenye gauni la mke wangu, usije ukasagika kwenye chuma. Siku ya ukaguzi, waya umelegea, una kutu kama umetolewa mtoni. Nani aliwahi kuona waya ukazeeka hivyo? Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima na sijapata jibu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana Kibiriti kama changu. Cheupe vile vile, umri ule ule, tulivinunua siku moja kwa mtu mmoja. Tunaegesha ua mmoja. Chake hupita kila mwaka, mara ya kwanza! Nikimuuliza siri yake, hucheka tu na kulipigapiga bati kwa kiganja.

Leo Mama Mikate, mwenye kiwanda cha mikate nyuma ya soko, katuita wote wawili. Kasema biashara imepungua, anataka gari moja tu. Atakayemletea stika ya ukaguzi kwanza siku ya Ijumaa ndiye atakayebeba mikate. Asiye na stika asimsumbue. Mikate hiyo ndiyo inayotulisha nyumbani. Nimetoka pale nahesabu siku kwa vidole. Shemeji katoka anapiga mluzi.

Jioni mke wangu kanipa kifurushi kilichofungwa gazeti. Kasema, baba watoto, kifungue hiki kabla hujaanza vituko vyako. Kizito kidogo. Nimekitia chini ya kiti cha dereva. Nitakifungua nikipata nafasi. Kwa sasa nina mambo ya kuchunguza.

Jumanne, 7 Machi

Utafiti umeanza! Nimesimama langoni kwenye kituo cha ukaguzi, nikajifanya nangoja mtu. Kila Kibiriti kikitoka, namfuata dereva.

Mwalimu mmoja: ameanguka kwa kutu. Mkaguzi alibonyeza sakafu kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Muuza maziwa: ameanguka kwa taa. Akiwasha taa ya kukata kona, wipa zinafagia kioo. Dereva wa gari la kubebea maiti: amepita. Nikamuuliza kama Kibiriti chake kinamsumbua. Kasema abiria wake hawajawahi kulalamika. Sikujua nimhesabu upande gani.

Lakini wengi, wengi mno, breki ya mkono. Ile ile! Nimesisimka. Nimegundua ugonjwa wa ukoo mzima.

Nikaenda mbio kwa Fundi Subiri. Anaitwa hivyo kwa sababu ndilo neno analompa kila mteja. Nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. Kasema injini ya Kibiriti itatuzika sote; kinachokufa ni kila kitu kinachoizunguka, na cha kwanza ni huo waya. Kasema kanunue mpya duka la vipuri pale kona, mlete Bi Mkubwa, kazi fupi tu. Nikamwambia mimi sitafuti waya, natafuta sababu. Akaniangalia sana. Akasema subiri, akaenda kunywa chai. Nimengoja mpaka chai ikawa chakula cha mchana. Hakurudi.

Mafundi hawapendi maswali. Nimeliona hilo siku nyingi.

Swali linabaki lile lile: kama wote wanaumwa breki ya mkono, kwa nini si shemeji?

Jumatano, 8 Machi

Shemeji kaosha gari tangu asubuhi, huku anaimba. Kanambia kwa kebehi nimsalimie Bi Mkubwa kwa sababu siku zake zinahesabika. Nimecheka. Cheko la meno tu.

Mchana kaenda kwa kinyozi. Shemeji akienda kwa kinyozi haendi kunyoa, anaenda kuongea, na nywele zikiisha anaanza ndevu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikachukua spana, nikaingia uvunguni mwa Kibiriti chake. Kwa utafiti tu! Nia yangu ilikuwa kuangalia.

Nikaangalia. Lo! Waya wake wa breki safi, umekaza, unapendeza. Na ajabu ya maajabu: umezungushiwa kitambaa cha kijani! Kijani kile kile, fundo lile lile kama ninavyofunga mimi. Nikalala pale chini nikiwaza. Inawezekanaje watu wawili wakapata wazo moja, na rangi moja? Nikahitimisha kwamba shemeji aliniona mwaka jana, akaniiga. Huyu mtu hana haya.

Na mtu asiye na haya hastahili waya mzuri. Mkono ukaenda wenyewe. Nimefungua wake nikaufunga kwa Bi Mkubwa, na ule wangu wa kutu nikamwekea yeye. Sikumwacha mtupu, mimi si mwizi. Tumebadilishana, ila yeye bado hajajua.

Nimetoka uvunguni nimejaa grisi mpaka masikioni. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Kauliza nilikuwa chini ya gari la nani. Nikasema, la Kibiriti. Akarudi kwenye nguo zake.

Alhamisi, 9 Machi

Nimempandisha Bi Mkubwa kilima cha shule, nikavuta breki ya mkono, nikaachia miguu yote. Katulia tuli! Nikashuka nikamsukuma kwa bega. Hatikisiki. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Jioni mke wangu kauliza kama nimefungua kile kifurushi. Lo, nimesahau! Nikamwambia nimeshukuru sana. Sikusema uongo, nimeshukuru kweli. Alifurahi mpaka nikaona soni kidogo. Kasema alijua tu safari hii nitafanya la maana. Kashona mapazia ya jirani wiki mbili kwa ajili ya kifurushi hicho, kumbe. Kitakuwa shati la kuvaa siku ya ukaguzi. Ila shati zito hivyo? Nitaangalia.

Usingizi haunijii kwa furaha.

Ijumaa, 10 Machi

Naandika yote, kwa mpangilio.

Nilifika wa kwanza. Kituo cha ukaguzi kina mteremko: unaingia juu langoni, unashuka hadi kibandani kwa mkaguzi. Mkaguzi ni mtu mrefu, mkimya, kalamu sikioni. Kakagua taa. Sawa. Kakagua tairi. Sawa. Honi ililia kama mbuzi, lakini ililia. Kabonyeza sakafu kwa kidole, kidole hakikutokea upande wa pili. Akafika kwenye breki ya mkono. Akavuta. Akasukuma. Akamwita mwenzake wakasukuma wote. Wapi! Bi Mkubwa kaota mizizi.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema ni nadra kuona Kibiriti chenye breki kama hii. Kifua kilinivimba nikakosa pa kukiweka. Akanambia niegeshe pale pale mbele ya kibanda, aandike stika, agonge mhuri.

Kaandika. Kachukua mhuri. Kauinua.

Hapo ndipo shemeji alipotokea juu langoni. Akaniona niko kibandani, akataka kujua kama nimeanguka. Akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaruka nje, akaanza kushuka kwa miguu huku ananipungia. Ananicheka tangu mbali! Nyuma yake, polepole, heshima zote, Kibiriti chake nacho kikaanza kushuka.

Nikapiga kelele. Akadhani nashangilia. Akapunga mikono yote miwili. Kibiriti kikampita pembeni. Alikitazama kinavyompita, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya jamaa yake. Kisha kishindo! Kimeingia mgongoni mwa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa hakusogea hata kidogo, breki ni nzuri, kwa hiyo milango yake ya nyuma imekunjana kama gazeti. Hakuna aliyeumia, nashukuru sana kwa hilo.

Mkaguzi bado kashika mhuri juu. Akaushusha taratibu, akaurudisha kwenye kisanduku chake.

Shemeji akaja juu kama moto wa kifuu. Kapaza sauti kwamba breki yake haina kasoro, waya ni mzuri, anaujua, aliutoa mwenyewe kwenye gari langu mwaka jana!

Akaziba mdomo kwa kiganja. Hata mkaguzi akatoa kalamu sikioni.

Nikamwita mwizi. Nikamwambia kumbe ndiyo sababu kitambaa ni cha gauni la mke wangu! Akauliza nimekiona wapi kitambaa. Nikasema, uvunguni. Akauliza uvunguni mwa nani, lini, kwa ruhusa ya nani. Nikaona nimejikaanga kwa mafuta yangu. Mkaguzi akataka kuelewa vizuri. Akauliza: kwa hiyo ninyi wawili, kwa magari mawili, mna waya mzuri mmoja tu, na kila mwaka mnauibiana? Tukasema si kila mwaka. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona gari likipita na kuanguka asubuhi ile ile, wala jingine likianguka kabla hajaligusa. Karatasi yangu akaichana. Nimeambiwa nirudi Ijumaa ijayo, na shemeji vilevile, lakini tusije pamoja.

Mama Mikate alikuwa anangoja mlangoni kwake. Hatukuwa na stika. Mikate imekwenda kwa mwenye bajaji, aliyepita ukaguzi wiki iliyopita bila kumwambia mtu.

Jumamosi, 11 Machi

Leo nimemweleza mke wangu yote. Nilitegemea kelele. Nilijiandaa kwa kelele. Kauliza jambo moja tu: kile kifurushi kiko wapi?

Nimekwenda kukitoa chini ya kiti. Nimekifungua mbele yake. Waya wa breki ya mkono. Mpya, unang'aa, wa Kibiriti, kutoka duka lile la pale kona. Ulikuwa makalioni mwangu wiki nzima! Nilikaa juu yake nikienda langoni kutafuta sababu, nilikaa juu yake nikipanda kilima cha shule.

Nimeona haya mpaka nikatamani kurudi uvunguni. Mke wangu kaingia ndani kuendelea na cherehani. Afadhali angenitukana.

Baadaye katoka, kasema Mama Mikate amepita. Bajaji haitoshi mikate yote, kwa hiyo nusu bado ipo, kwa atakayeleta stika Ijumaa ijayo. Kasema, baba watoto, sikiliza. Funga waya mpya, ule wa kijani mpe kaka yangu. Nyoosha milango. Nenda kwa mkaguzi. Basi. Usichunguze kitu chochote. Nimeapa. Nimeapa kwa mikono miwili, na nilikuwa namaanisha.

Fundi Subiri kasema nimpelekee gari Jumatatu asubuhi, ataufunga waya nikiwa nimesimama pale pale.

Jumapili, 12 Machi

Shemeji kaja kuomba radhi. Nami nimemwomba. Tumekaa uani tukitazama Vibiriti vyetu, kimoja kimefinyika pua, kingine kimefinyika mgongo. Shemeji kasema tatizo letu ni moja: magari mawili, vipuri vya gari moja na nusu. Nimeona ana hoja. Hii haikuwa imenijia.

Kisha kaleta habari. Kuna mtu ng'ambo ya reli anauza Kibiriti cha tatu! Rangi ile ile, umri ule ule. Milango ya nyuma mizima. Tukikinunua kwa ushirika, tutachukua humo kila tunachotaka, na hatutaibiana tena maisha. Nimeuliza, maana sasa nimekuwa mwangalifu, kama kiliwahi kuanguka ukaguzi. Shemeji kasema muuzaji ameapa hakijaanguka hata mara moja. Wala hakijawahi kupelekwa.

Hata mara moja! Hapo sasa lazima mtu ajiulize: ni Kibiriti cha aina gani hicho? Nitashindwaje kwenda kukiona?

Hakitembei, kwa hiyo tutakivuta leo hii na Bi Mkubwa, mke wangu akiwa bado sokoni. Shemeji hana kamba ya kuvutia. Nami sina. Bahati nzuri kuna ule waya mpya, haujawahi kutumika, imara kabisa. Ni mfupi kidogo, lakini tutakwenda tumekaribiana.