Siku Tano za Kumkimbia Ziraili

Jumamosi, 24 Agosti

Tumo kambini wachezaji tisini wa futiboli ya Kimarekani. Jumanne, saa kumi jioni, watabaki hamsini na watatu. Wengine nje! Nina miaka thelathini na miwili. Kazi yangu ni nusu kuzuia majitu, nusu kudaka mpira. Misimu tisa sasa. Sijui kazi nyingine. Leo Tavian Brisker, kinda anayeiwania nafasi yangu, alinibebea vifaa vya kukinga mabega, kama desturi inavyowataka wachezaji wapya. Akauliza, "Babu, nikubebe na wewe?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka.

Jumapili, 25 Agosti

Mzee Haas, mjumbe wa kocha, ameingia ukumbi wa chakula. Kila mtu aliinamia sahani yake. Huyu ndiye tunayemwita Ziraili, mtoa roho: akikugusa bega na kusema, "Kocha anakuita, njoo na tableti yako ya mbinu," umekwisha. Aliunyoosha mkono kuelekea kwangu. Nikamwaga uji. Alitaka chumvi tu.

Hata hivyo, nimepata mpango! Hawezi kuachwa mtu asiyepatikana.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimetafuta maficho. Kabati: mabega hayaingii. Chini ya meza ya kuchulia misuli: miguu inabaki nje. Toroli la jezi chafu, chumba cha kufulia: panafaa, magoti yakifika masikioni. Nilimpigia simu mke wangu, Marlys. Alisema mtu wa futi sita na inchi sita hafichiki. Afadhali nimkabili kocha kiungwana. Marlys haujui mchezo huu.

Jumanne, 27 Agosti

Torolini tangu saa moja asubuhi. Harufu! Saa nne nikasikia viatu vya Ziraili, naye akiniita. "Pruitt! We Pruitt! Toka, bwana, ni heri!" Heri! Hata mchinjaji humbembeleza kondoo. Nikabana pumzi. Bi Odalys, mfuaji, akanimwagia soksi za timu nzima bila kuangalia. Ziraili alirudi saa sita, kisha saa nane. Saa tisa na nusu alikuwa akinisihi kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Moyo ulinidunda hadi toroli likatikisika. Saa kumi! Nikachomoza, soksi begani, mshindi!

Kocha hakunitazama. Alisema timu nyingine ilitaka kuninunua niwe chaguo lao la kwanza, mradi wazungumze nami kabla ya saa kumi. Walingoja wee, wakachoka. Kwa hiyo nimeachwa. Jina langu lilikuwa limekwisha kupelekwa ligini. Kumbe mtu hahitajiki kuwapo ili aachwe. Akaongeza kwamba huenda wale watu wakanitafuta kesho, nisiizime simu. Brisker alinibebea mizigo hadi garini. Hakunitania hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia baridi mwilini.

Jumatano, 28 Agosti

Nyumbani. Simu imelia mara kumi na moja tangu asubuhi. Nambari ngeni. Marlys amesimama mlangoni: "Garrison, mume wangu, ipokee, nakuomba." Mimi si mtoto. Habari njema hailii mara kumi na moja! Nimeifukia simu ndani ya jokofu la gereji, chini ya nyama ya paa, nikakalia mfuniko.

Kimya sasa. Safari hii hawanipati.