Fomu Inayojitengeneza Yenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wao, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi waliokwenda semina. Wazee wetu, ambao viti vimewaishia. Na ninyi wananchi wa kawaida mliokuja kwa hiari yenu chini ya ulinzi: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mzee mmoja anauliza kama maji yatagawiwa.)

Ndugu zangu, leo tunaizika karatasi. Kwa miaka mingi mwananchi alikuwa akija hapa kusajili mtoto, anamkuta karani wetu, anataja jina na tarehe, karani anaandika, anagonga mhuri, na mwananchi anaondoka na cheti chake kabla chai ya karani haijapoa. Je, hayo ni maendeleo? (Sauti: "Ndiyo!") Hapana! Mtoeni huyo.

Wataalamu wamegundua kwamba huna haja ya kuchora fomu moja moja, bali unaieleza kompyuta mara moja tu kitu unachotaka kukisajili, kina nini na nini, na maelezo hayo huitwa modeli. Ukishamaliza, mfumo wenyewe, bila kusukumwa, unakuzalia fomu ya kuongeza, ya kurekebisha na ya kufuta. Ukiieleza mbuzi yukoje, utapata fomu ya mbuzi. Basi kamati ilipokaa hotelini kueleza mwananchi yukoje, ilimtafuta mwananchi hoteli nzima ikamkosa, ndipo mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, nikajitolea nielezewe mimi badala yake. (Makofi ya wafanyakazi wa ofisi.) Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, nilivumilia pale hotelini wiki mbili, nikala.

Kwa hiyo fomu itakuuliza jina la dereva wako, tarehe ya kustaafu na idadi ya mawe ya msingi uliyoweka, na kila sehemu ni ya lazima. Utafiti tulioufanya kwa kuulizana wenyewe unaonyesha ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, na hapo tumejizuia. (Mama mmoja anapenya hadi mbele, amemshika binti yake mkono.)

"Samahani, mheshimiwa. Uandikishaji wa shule unafungwa leo jioni, na mwalimu mkuu amesema bila cheti cha kuzaliwa hampokei. Mwaka jana alimrudisha hivi hivi, akalia njia nzima. Nipe tu cheti, niwahi."

Mmeona? Mteja wa kwanza huyo! Mama, dereva wa mtoto anaitwa nani?

"Dereva gani tena, baba? Tumekuja kwa miguu."

Andikeni "Miguu". Anastaafu lini?

"Jamani! Ana miaka saba, hata kuanza kusoma hajaanza!"

Hapo ndipo wananchi mnapotukwamisha. (Kicheko.) Haya, nenda mwenyewe kwenye ile skrini kubwa pale ukutani, ubonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa Hifadhi. (Mama anabonyeza. Skrini haibadiliki. Anabonyeza tena.)

"Mheshimiwa, mbona kidole kimekuwa kijani?"

Hiyo ni teknolojia, mama, usiipanguse kwenye gauni la mtoto.

"Basi niandikiwe kwa mkono kama zamani. Karani si yule pale?"

Karani tumemstaafisha asubuhi, mhuri tumeuvunja, na fomu zote za karatasi ndizo zilizochemsha chai mliyoona wageni wakinywa. Hatuwezi kurudi nyuma! (Binti anaanza kulia. Bendi inaamriwa ipige.)

Fomu moja! (Wananchi wanatazamana.) Mnajibu, "Taifa moja!" Karatasi, zii! Modeli, juu! Juu zaidi!

Kwa kumalizia, namshukuru kwa moyo wa dhati fundi rangi aliyeichora kompyuta ile vizuri hadi nyaya zake. Kompyuta yenyewe, mfumo, na mtu anayejua kuutengeneza, tutaanza kuvitafuta bajeti ijayo. Na wewe mama, acha kunitazama hivyo mbele ya kamera, mwanao ndiye wa kwanza kusajiliwa kwa njia ya kisasa. Mwambie mwalimu mkuu aje athibitishe mwenyewe hapa ukutani, ila awahi, maana naona mvua inakuja. Asanteni sana kwa kunisikiliza.