Pete Iliyobaki Mezani

“Injini ya kutupa ni ushamba, Mama. Unairusha mara moja, basi. Hii ya kujaza utaitumia mpaka uzeeke.”

“Nimeshazeeka, Loren. Sema lingine.”

Sogeeni, enyi wenye masikio, ziacheni soseji zenu zipoe, niwasimulie vita vilivyopiganwa kwenye malisho ya Kansas, juu ya meza ya kukunja, baina ya Ardith Penner, Simba-jike wa Nchi ya Ngano, na mwanawe Loren, Mjuzi Asiyeulizwa. Kilichogombewa ni cheti: Ardith arushe roketi yake kubwa, irudi nzima, chama cha warusha-roketi kimpe daraja la kwanza. Na siku ni hiyo tu, kwani kesho mwenye malisho angerudisha ng'ombe wake mpaka vuli.

Kuume kwa meza ilijilaza injini ya kutumika mara moja, iliyofungwa kiwandani, bubu na mnyenyekevu. Kushoto lilimeremeta kasha la alumini la injini ya kujaza, jekundu kama joho la sultani, lidailo baruti mpya na pete mpya za mpira za kuzuia moto usivuje, kila vita vikianza.

“Nalo likisharuka?”

“Unalisafisha.”

“Nani? Juzi nimekuta lako limelowekwa siki kwenye bakuli langu la saladi.”

“Bakuli niliosha, Mama.”

“Saladi ilinuka fataki. Mchungaji akaila kwa heshima.”

Lakini moyo wa mama ni jabali lenye ufa mmoja, nao ufa huo ni mwana. Ardith akakubali. Na kwa kuwa sheria yataka mrushaji aiunde injini kwa mkono wake mwenyewe, akapaka grisi, akapachika, akakaza, huku Loren akimhutubia pasipo kupumua juu ya utukufu wa alumini. Kifuniko kikafungwa. Na tazama, juu ya kitambaa cha meza imebaki pete moja ya mpira, nyeusi, ambayo ikikosekana ndani hugeuza roketi kuwa jiko la mkaa.

“Hiyo ya akiba,” akasema Loren.

“Huwa wanaweka ya akiba?”

Loren akaitazama mbingu. “Hapana.”

Hapo Marlys, Mlinzi wa Anga, akatangaza kwa kipaza sauti kuwa upepo unapanda, umebaki mruko mmoja.

“Ngoja nikufungulie haraka, Mama.”

“Ukifungua wewe, cheti ni chako. Kaa.”

Ardith akaivaa ile pete kidoleni, akaichomeka injini ya kutupa, akaikaza, akaisimamisha roketi kwenye reli yake kwa mwendo wa malkia mwenye goti bovu. Marlys akahesabu kinyumenyume. Kidole chenye pete kikabonyeza.

Nchi ikanguruma. Roketi ikawa mkuki, ikawa sindano, ikawa si kitu. Kisha mwavuli wa rangi ya chungwa ukachanua, ukaishusha ukingoni mwa birika la kunyweshea ng'ombe, nzima na kavu. Majeshi ya watazamaji yakapiga honi za magari yao. Naye Ardith, Mwenye Daraja la Kwanza, akaichomoa injini iliyoungua, akaitumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya macho ya mwanawe. Na katika nyumba ya Penner, jioni hiyo, hakuna bakuli la saladi lililohitaji kuoshwa siki.