Vinanda Viwili Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Bi Pedali wangu,

Mdogo wako ametangaza vita. Kaingia ukumbini na begi mgongoni kama mtu anayeuza soksi, akatoa kompyuta na kibao chembamba chenye vibonyezo. Akasema mle ndani mna kinanda chako. Chote! Yale magurudumu tisini na moja ya chuma, mota, hata kabati la spika na tarumbeta yake inayozunguka. Programu imeviigiza vyote. Uzito: kilo nne. Chako, unakumbuka, kilibebwa na wanaume wanane, na wa tisa akitoa amri.

Kwaya ikapiga makofi. Bi King'ora wa sauti ya kwanza akasema afadhali, maana kinanda cha zamani kuwashwa kwake ni kama kumwamsha mgonjwa. Uongo mtupu! Sekunde nane swichi ya kwanza, sekunde nne swichi ya pili. Wewe ulizitumia kuvua viatu.

Mwalimu wa kwaya akasema jukwaa limebana, kinanda kinakula nafasi ya waimbaji sita, na mtu wa vyuma chakavu yuko tayari kukiondoa Jumatatu ijayo. Nikasimama. Nilikusudia kusema kwa busara. Badala yake nikasema nimekitunza kinanda hicho miaka ishirini na miwili, naweza kukitambua nimefumba macho, na kila mwenye masikio anaweza. Mdogo wako akatabasamu. Haya shemeji, akasema, tufumbe macho basi.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi pazia la jukwaa litafungwa. Shemeji, huyuhuyu mdogo wako anayekipiga tangu ulipotutoka, atapiga wimbo mmoja mara mbili: mara kwenye kinanda chako, mara kwenye kompyuta. Waimbaji ishirini na wanane wataandika kwenye karatasi kipi ni kipi. Wengi wakipatia, kinanda kinabaki. Wengi wakikosea, kinakwenda kuyeyushwa.

Nimerudi nyumbani nikapima mlango wetu. Hakipiti. Nimepima na dirisha.


Jumanne, 4 Machi

Adui lazima achunguzwe. Nimekwenda kwa shemeji kwa kisingizio cha kumjulia hali. Akanijibu kwamba hali yake ni ileile ya jana, karibu ndani.

Bi Pedali, mambo niliyoyaona! Kwenye kioo cha kompyuta kuna vitelezi. Kimoja ni cha mbofyo, ule mlio mdogo wa kibonyezo kinapogusa nyaya zake. Kumbe waliounda vinanda vile waliuona mbofyo kuwa kasoro, wakahangaika kuuondoa, lakini wapigaji wakaupenda. Leo vijana wa kompyuta wanakesha wakiutengeneza upya ugonjwa ambao wazee walishindwa kuutibu! Kitelezi cha pili ni cha kuvuja: ukipiga sauti moja, magurudumu ya jirani nayo yananong'ona kidogo, kama watu wanaosikiliza mlangoni. Cha tatu kimeandikwa UMRI. Unakivuta tu, kinanda kinazeeka. Nikamwuliza kama kuna cha magoti.

Akanivisha spika za masikioni, akapiga. Nikasikiliza. Nilimwambia sauti ni nzuri ila haina mwili, na kwamba picha ya mkate haishibishi. Akaniuliza mbona macho yananing'aa. Nikasema ni chai, ina tangawizi nyingi.

Chai ilikuwa haijaletwa.


Jumatano, 5 Machi

Ushindi umeonekana!

Leo asubuhi nilikuwa peke yangu ukumbini. Nikakiwasha kinanda chako, nikaweka mswaki juu ya vibonyezo vitatu ili viendelee kulia, nikakaa kwenye kiti cha mbele kabisa. Nilikuwa nimevua ndala kwa sababu ya kidole kile kinachoniuma. Nikasikia upepo. Upepo, kwenye vifundo vya miguu! Tarumbeta ndani ya kabati inapozunguka inapuliza hewa, na hewa inapita chini ya pazia. Nimezima, upepo umekatika. Nimewasha, umerudi. Sauti ya kompyuta inatokea kwenye spika za ukutani, juu kule. Kompyuta haina pumzi. Aigize anavyotaka, mdogo wako hawezi kuigiza upepo.

Basi Jumamosi nitakaa mbele, miguu mitupu. Nitakaposikia upepo nitajikuna kichwa. Nimekwenda dukani kwa mzee wa sauti ya nne, yule mnene anayeuza misumari, nikamweleza kwamba sauti ya nne yote na sauti ya tatu yote waniangalie mimi. Waimbaji kumi na wanne hao. Akaniuliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia udanganyifu ni kumsaidia mtu aseme uongo. Hapa wanasaidiwa kusema kweli. Akafikiri. Akasema basi nijikune kwa nguvu, yeye haoni vizuri.

Kwenye kijiti cha tatu cha kuvuta, kati ya vile vinavyopanga sauti, bado kuna uzi mwekundu ulioufunga ili ukipate bila miwani. Sijaufungua.


Ijumaa, 6 Machi... la, tarehe 7

Sijalala vizuri, hata tarehe zinanichanganya. Nimewaza: je, kinanda kikitoa sauti ya uchovu kesho? Lazima kiwe katika afya bora kuliko siku kilipozaliwa.

Unajua mafuta yake. Kijiko kimoja kila mwaka, yale mepesi kama maji, unatia kwenye vikombe viwili, nyuzi za pamba zinayafikisha taratibu kwenye kila gurudumu. Chupa ile imekauka. Lakini mimi ni fundi wa vyerehani miaka arobaini. Mafuta ndiyo maisha yangu! Nyumbani ninayo yale mazito ya mashine za kushonea viatu. Mashine inayotoboa soli ikiyapenda, kinanda kitayakataaje?

Nimetia kijiko. Nikaona ni kidogo. Nimetia chupa nusu. Kisha nikaziangalia zile nyuzi za pamba, nikaona zinachelewesha kazi kama karani aliyeshiba. Nikazisogeza, nikamimina moja kwa moja juu ya magurudumu. Chupa nzima. Yaling'aa, mke wangu! Yaling'aa kama nywele za bwana harusi.

Sikukiwasha. Nimekiacha kinywe mpaka kesho.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa kitandani na ndala miguuni.

Ukumbi ulijaa. Joto lilikuwa la kutoa jasho hata kwenye nyusi. Nikakaa kiti cha mbele, nikavua ndala. Bi King'ora akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hapa si ufukweni. Nikamwambia ananionea wivu wa vidole. Watu wakacheka, nikajiona nimeshashinda.

Pazia likafungwa. Wimbo wa kwanza ukaanza. Mungu wangu! Sauti iliingia ikiyumba, ikapanda, ikachoka, ikashuka nusu sauti nzima, ikalia kama ng'ombe aliyekwama mlangoni. Kwaya ikaguna. Mimi nikafurahi sana. Nikasema moyoni: kompyuta imekwama, Mungu si wa mtu mmoja. Miguuni hakuna upepo. Nikatulia kama jiwe.

Wimbo wa pili. Bi Pedali, sijui nikuambieje. Ulikuwa wewe. Ule mbofyo mwanzoni mwa kila neno. Ile sauti ya chini inayotangulia kidogo, kama mtu anayeingia chumbani kabla hujamkaribisha. Na hapohapo upepo ukanipiga miguuni, mzuri, mwingi. Nikajikuna kichwa. Nikajikuna kwa mikono miwili. Halafu nikasahau mpango wote, nikasimama nikalia. Nikasema kwa sauti, hicho ndicho, jamani! Hicho cha pili ndicho chake! Cha kwanza ni takataka ya kompyuta, hamkusikia kinavyolia?

Karatasi zikahesabiwa. Kumi na saba waliandika cha pili. Pazia likafunguliwa.

Cha pili kilikuwa kompyuta.

Kile kilicholia kama ng'ombe ni chako. Mafuta yangu yalikuwa yameganda kwenye magurudumu, mota ikashindwa kuyasukuma ifike mwendo wake. Na upepo? Mwalimu wa kwaya alikuwa amewasha feni ya sakafuni kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, akaielekeza kwetu. Alinionea huruma, anasema. Aliniona nimevua ndala, akadhani joto limenizidi.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Bi King'ora alikuwa ameandika jibu sahihi. Yeye na wenzake kumi. Aliniambia kwa upole, na upole wake unaumiza kuliko makelele yake: alijua cha kwanza ndicho cha zamani kwa sababu kilisikika kama mzee anayepanda ngazi. Wote wangejua, akasema, kama wewe fundi usingejikuna vile.

Kwa hiyo ningekaa nyumbani tu, kinanda chako kingebaki.

Mtu wa vyuma chakavu anakuja keshokutwa.


Jumapili, 9 Machi

Hodi asubuhi. Shemeji. Kabeba mkoba wa vitambaa, bomba la sindano lisilo na sindano, na lita moja ya mafuta mepesi. Nilidhani amekuja kunicheka. Akasema hapana, kunicheka alimaliza jana usiku, alicheka mpaka mkewe akahamia sebuleni.

Kisha akakaa. Akasema kuna jambo aliapishwa asiniambie mpaka nikisikie kile kinanda cha kompyuta bila kujua ni kipi.

Unazikumbuka zile Alhamisi za mwaka jana, uliponiaga kwamba unakwenda kunywa chai kwa mdogo wako? Mwanamke wewe! Mwezi mzima! Mikono ilikuwa haikusikii tena, kwa hiyo ulikaa kwenye kochi lake, ukafumba macho, yeye akasogeza vitelezi. Ongeza. Punguza. Rudisha kidogo, usiwe mroho. Mbofyo ulikuwa wako. Kuvuja kulikuwa kwako. Anasema kwenye kile cha UMRI ulimchosha jioni mbili nzima, akivuta ukikataa, akirudisha ukikataa, mpaka ulipoinua kidole ukasema: hapo. Hapo mume wangu ataninyanyukia.

Nami nilinyanyuka, siyo? Mbele ya watu wote.

Anasema ulitaka niwe na cha kusikiliza nyumbani. Nimemwuliza kwa nini basi alikubali cha zamani kipelekwe kuyeyushwa. Akainamisha kichwa. Alidhani wewe ndivyo ulivyotaka, na mimi nikichagua cha kompyuta mwenyewe nitakiacha kile bila kuumia. Lakini jana aliponiona nakishika ubavuni, baada ya watu kuondoka, nikikiomba radhi, akaona amehesabu vibaya. Alikwenda usiku huohuo kwa mwalimu. Kamwambia kwamba nakala haiwezi kuangaliwa kama imetoka sawa ikiwa asili yake imetupwa, na kwamba mgonjwa hapambanishwi na mzima halafu akahukumiwa. Mwalimu kakubali. Kinanda kinahamia stoo ya viti, jukwaa linabaki la waimbaji, na mtu wa vyuma ataambiwa asije.

Hakiyeyushwi, Bi Pedali! Nilimkumbatia mdogo wako nikamchafua fulana.

Tumeshinda mchana kutwa tukinyonya mafuta yangu kwa bomba na kuyafuta gurudumu kwa gurudumu. Magurudumu tisini na moja. Kila gurudumu la kumi shemeji anacheka upya. Anasema mafuta mepesi yataosha mengine polepole, labda wiki sita, labda miezi mitatu, lakini kitarudi. Jioni kiliimba sauti nne mfululizo bila kuyumba.


Jumatano, 12 Machi

Bi Pedali wangu,

Kompyuta ya zamani ya shemeji iko sebuleni. Ameniwekea programu na nyimbo alizozipiga mwenyewe, vitelezi viko palepale ulipovisimamisha. Jana nilisikiliza nikimenya viazi. Nilimenya vingi mno. Leo nakula viazi, kesho pia.

Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza kwamba ujanja haulipi na kwamba mtu asijigambe juu ya masikio yake. Nilikuwa namweleza jambo hilohilo, kwa unyenyekevu kabisa, mtunza ukumbi wa kwaya ya mtaa wa pili, yule mwenye masharubu. Wao wanacho kinanda kama chako, cheusi. Akasema kwa dharau kwamba kompyuta haiwezi kumdanganya mtu mwenye akili. Nikamwambia mbele ya watu wawili kwamba ile iliyotengenezwa kwa masikio ya mke wangu hakuna binadamu atakayeitofautisha, hata akiwa na masikio manne.

Basi Jumamosi saa kumi, kwao, nyuma ya pazia. Wakishindwa kutofautisha, wanatupatia kinanda chao cheusi tukitumie kwa vipuri. Wakiweza, wanachukua chetu.

Shemeji sijamwambia bado. Nasubiri awe ameshiba. Ila nina wazo dogo, si udanganyifu, ni tahadhari tu: mwenye masharubu ana chumba cha swichi za umeme, na ufunguo wake unatundikwa nje; umeme ukiyumba kidogo kinanda chao kikilia, watadhani ni kompyuta iliyokwama.

Safari hii nimefikiria kila kitu. Huko uliko, nikumbuke. Hasa Jumamosi, kuanzia saa kumi kasorobo.